Dresa Mselem na Visu vya Watu

Mselem bin Idarusi alikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ndogo ya Mabawa, mjini Tanga, na mtaa mzima ulimwita Dresa, kuanzia watoto wa chuo cha Kurani hata imamu wa msikiti. Kazi hiyo alijifunzia vitani. Alikwenda Bama kupigana na Wajapani, pamoja na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, yeye akiwa mbeba machela, akarudi mwaka wa arobaini na sita na mikono na miguu yake yote, mablanketi mawili ya jeshi, na mshtuko uliomganda mwilini. Mlango ukibamizwa na upepo, alikwisha kuwa chini ya meza kabla hajajua kwamba ameinama.

Wenzake walirudi na visu. Bunduki walinyang'anywa, risasi walinyang'anywa, lakini kisu ni kitu cha kuviringisha ndani ya blanketi, nani ataona? Wengine walikuja na singe za Wajapani, visu vya kuchomekwa mdomoni mwa bunduki, ndefu toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Wengine walikuja na majambia ya Wataliani waliyoyaokota Uhabeshi. Mmoja alileta kisu kipana kilichopinda cha Magurka, askari wa Nepali, alichokipata kwa kubadilishana na saa mbovu. Vilipofika nyumbani vilitundikwa kutani, vikakata miwa, vikachinja kuku wa Idi, na watoto wakaambiwa wasiviguse.

Aliyemwanzishia Mselem kazi ya kuvikusanya ni Abrahamu, Mshambaa mmoja kutoka Amani aliyekuwa akipakua mizigo gatini. Alfajiri moja mwaka wa arobaini na saba, mdogo wake alikwenda kumwamsha asije akachelewa kazi. Akamtikisa bega. Abrahamu aliinuka na singe mkononi kabla akili yake haijaamka. Mselem ndiye aliyekishona kiganja cha yule ndugu, nyuzi kumi na moja, na vidole viwili havikukunjika tena maisha. Jioni ile ile Abrahamu alirudi zahanati peke yake, akaiweka singe mezani juu ya pamba.

"Kaa nayo wewe, Dresa," alisema. "Nikiiomba, usinipe. Nikikulilia, usinipe."

Habari zikaenea miongoni mwa watu wa Keya kwa njia zao wenyewe. Mmoja baada ya mmoja walikuja, mara nyingi wakijidai wanaumwa kichwa au tumbo, na mwisho wa maneno hutoka kitu kilichofungwa kwa gazeti. Kila mmoja aliacha kisu na kiapo kile kile: nikikiomba, usinipe. Mselem alivifunga kila kimoja kwa kitambaa cha bendeji iliyokwisha kazi, akaandika jina la mwenyewe kwa herufi za Kiarabu kwenye kipande cha karatasi, akavilaza ndani ya sanduku la mninga mvunguni mwa kitanda. Kila mwezi alivifungua akavipaka mafuta ya nazi, maana hewa ya Tanga haina huruma na chuma.

Lakini tusimfanye walii. Miaka ilivyokwenda, alianza kuvipenda. Alijua uzito wa kila kimoja kwa mkono. Akisikia kuna mtu wa Mwera, huko Pangani, ana jambia lenye mpini wa pembe, hakungoja mtu huyo aje na kichwa chake kinachomuuma. Alipanda baiskeli akamfuata, akakaa naye siku nzima akimweleza hatari ya kitu hicho nyumbani penye watoto, mpaka akapewa. Njiani kurudi alisimama mara mbili kulifungua na kulitazama. Mkewe, Sabiha, aliyaona hayo yote.

"Baba Saleha," alimwambia siku moja akimwona amevitandaza juu ya mkeka, "hivi ni visu vya watu au ni vyako?"

"Vya watu."

"Basi mbona unavitazama hivyo?"

 Mselem alivirudisha sandukuni, na tangu siku hiyo akawa anavipaka mafuta Sabiha akiwa ametoka.

Mwaka wa hamsini na nne, mwezi wa pili, mpiga mbiu alipita Mabawa. Kule Kenya kulikuwa na msukosuko, na serikali ya Tanganyika ilikuwa ikitazama mpaka wake kwa jicho la wasiwasi. Kwenye mashamba ya katani watu walikuwa wakiulizwa kabila zao na kupekuliwa. Mbiu ilisema hivi: yeyote mwenye silaha ya vita, iwe bunduki, iwe singe, iwe jambia, aipeleke kituo cha polisi katika siku kumi na nne. Siku hizo zikipita, atakayekutwa nayo atakwenda jela.

Mselem alikuwa akimfunga mwanamke mmoja mguu. Aliposikia "singe" mikono yake iliendelea kuzungusha bendeji, ikazungusha, ikazungusha, mpaka yule mama akasema, "Dresa, mwanangu, mguu huu wataka kuuzika?"

Sandukuni mlikuwa na visu kumi na tisa.

Jambo la pili lililomkosesha usingizi ni kwamba siku ya kumi na mbili katika hizo kumi na nne ilikuwa siku ya harusi ya Saleha, binti yake wa pekee. Mume alikuwa Uweso, kijana wa kazi ya reli, mtu wa watu. Wageni walikwisha kualikwa. Nyumba ingejaa wanawake hadi uani, na chumba chenye sanduku ndicho kilichotengwa kulaza shangazi wa bibi harusi.

Siku za kwanza alijiambia atavipeleka kesho. Kisha akajiambia hawezi kuvipeleka bila idhini ya wenyewe, maana walimkabidhi kwa kiapo. Akaenda Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, kumtafuta seremala mmoja aliyemwachia singe mwaka wa hamsini. Seremala alikuwa akipiga randa. Alimsikiliza bila kuinua kichwa.

"Kisu gani?" aliuliza.

"Kile ulichoniletea. Nimekifunga, nimeandika jina lako."

Seremala aliacha randa. Akatazama mlangoni, kisha akamtazama Mselem usoni bila kupepesa. "Bwana Dresa, mimi sijakupa kisu. Sijapata kuwa na kisu cha vita. Na jina langu ukalifute."

Wa pili alijibu vivyo hivyo, wa tatu akamtuma mkewe aseme amesafiri, na Mselem alimsikia akikohoa chumbani. Akarudi nyumbani akiburuta baiskeli. Watu kumi na tisa walimpa visu, na sasa visu vilikuwa na mtu mmoja tu.

Sabiha alimshauri avitupe baharini. "Chukua mtumbwi, nenda mbele ya kisiwa, tumbukiza, rudi tule wali wa harusi." Mselem alilifikiria hilo siku mbili. Lakini kwenda pwani na sanduku kungeonekana, na mwenye mtumbwi angeuliza. Kila kengele ya baiskeli iliyolia mtaani ilimtoa mlangoni kuchungulia kama ni polisi.  Pale zahanati alimpa mtoto mwenye minyoo dawa ya macho, bahati mama yake aliijua rangi ya chupa.

Siku ya kumi wageni walianza kuingia, wa kwanza akiwa dada yake mkubwa, Mwanamkasi, kutoka Mwera, na kuku wanne, na sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Mselem alimwamkia shikamoo, akamchukulia mzigo, na akasahau kwamba mzigo huo ungepelekwa chumbani. Alikumbuka alipokuwa uani akichanja kuni. Kabla hajaweka shoka chini, ukelele ulitoka ndani.

Mwanamkasi alikuwa ametafuta mahali pa kuhifadhi kanga zake. Ufunguo wa sanduku ulikuwa umetundikwa msumarini, hapo hapo juu ya kitanda. Alikuwa amesimama, mkono kifuani, kifuniko kimefunguliwa, na kitambaa kimoja kimefunuka.

"Mselem! Ndugu yangu! Umeua watu wangapi?"

"Dada, nakuomba, punguza sauti."

"Sauti nitaipunguzaje? Nyumba ya harusi hii! Ndani mna jeshi!"

Mlangoni zilikwisha kuonekana nyuso tatu za wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Sabiha aliwasukuma nje kwa maneno matamu, akasema ni vyombo vya zahanati, vya kupasulia majipu. Hakuna aliyeamini. Kufikia adhuhuri, kisimani watu walikuwa wakisema Dresa ana mapanga hamsini na kwamba bwana harusi hana habari.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja, siku ya kumtia bibi harusi hina, alikuja Kristofa.

Kristofa alikuwa Mbondei wa Muheza, mkulima wa machungwa, mtu wa kimya. Huko Bama walikuwa kikosi kimoja. Kisu chake kilikuwa kifupi, mpini wake umesukwa ukanda wa ngozi, na alikileta mwaka wa arobaini na tisa, siku ambayo mkewe Beatrisi alimkuta amekaa nacho shambani tangu asubuhi, hajalima, hajala. Naye aliapa kiapo kile kile. Leo alisimama barazani, jasho limemtota, macho mekundu, kofia mikononi akiizungusha.

"Dresa, nimekuja kuchukua kisu changu."

 Mselem alimtazama macho, alimtazama mikono. Alikwisha kuiona mikono ya namna hiyo, ya watu wanaotaka kujidhuru. "Ulisema nisikupe," alijibu.

"Nakumbuka nilivyosema. Lakini sasa kuna jambo. Kuna mama mmoja huko kwetu..."

"Kristofa, nenda ukapumzike. Nitakupa vidonge."

"Sitaki vidonge. Nisikilize kwanza. Yule mama..."

Ndani wanawake waliangua kigelegele, hina ilikuwa imeanza. Mselem alitazama nyuma, akatazama mtaani, akamwona Kristofa amesogea hatua moja, na uwongo ukamtoka kabla hajaupima.

"Sinacho tena. Vyote nimevipeleka polisi juzi."

 Kristofa alivaa kofia yake. "Basi nitakifuata huko huko," alisema, akageuka akaenda zake.

Mselem alibaki ameshika nguzo ya baraza. Ilimchukua muda kuyafahamu aliyoyafanya. Kristofa angefika polisi, angesema, nataka kisu changu alicholeta Dresa wa Mabawa. Wao wangesema, hatujaona Dresa wala kisu. Kisha wangeuliza, huyo Dresa ana visu vingapi? Naye Kristofa si mtu wa kuficha. Wangekuja na gari, nyumba imejaa wageni, Saleha amenyoosha mikono haijakauka hina.

Aliingia ndani mbio, akalivuta sanduku. Sabiha alimkuta analifunga kamba kwenye karia ya baiskeli, vidole vinakataa kufunga fundo, yeye ambaye alifunga watu maelfu.

"Wavipeleka wapi?"

"Polisi."

 Sabiha alimsogeza pembeni, akafunga fundo mwenyewe.

Toka Mabawa hadi mjini si mbali, lakini sanduku lilikuwa zito, na kila baiskeli ilipokanyaga shimo visu viligongana ndani, kwa sauti ambayo Mselem alidhani inasikika hadi Raskazone. Alipishana na watu waliomsalimu, "Dresa, kwema? Harusi lini?" akajibu, "Kwema, kesho," bila kusimama. Alivuka reli akitazama mbele amwone Kristofa. Hakumwona. Alijua Kristofa anatembea kwa miguu ya askari, na yeye mwenyewe alipoteza dakika nyingi kwenye ile nguzo. Mara mbili alifikiri kugeuka akatumbukize sanduku zima kwenye mtaro. Hakugeuka. Hata baadaye hakujua kama ni ushujaa au ni kwa sababu miguu ilikwisha kuzoea kukanyaga.

Kristofa alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo, kofia magotini. Nyuma ya meza alikuwa Sajini Zebedayo, mtu wa bara, mrefu, mwenye daftari kubwa mbele yake.

"Huyu bwana," Sajini alisema, akimwonyesha Kristofa kwa kalamu, "anasema Dresa wa Mabawa ameleta visu hapa. Mwenye daftari ni mimi. Sijaona Dresa, sijaona visu."

"Ndimi Dresa, afande. Visu ndivyo hivi. Nilimdanganya."

Kristofa hakumtazama.

Askari wawili walibeba sanduku wakalifungua juu ya meza. Sajini alitoa kimoja baada ya kimoja, akifungua bendeji. Alipofika cha saba aliita askari mwingine asimame mlangoni. Kisha akainua kipande cha karatasi.

"Hapa pameandikwa nini?"

Hakujua kusoma herufi za Kiarabu. Mselem alizitazama herufi zake mwenyewe. Lilikuwa jina la yule seremala wa barabara ya kumi na mbili.

"Jina la mgonjwa wangu."

"Mgonjwa gani huyu wa singe?"

"Mgonjwa wa vita, afande. Wako wengi."

"Nitajie majina yao yote."

  Mselem aliwakumbuka watu waliomkana, na kile kikohozi chumbani. "Mtu akija kwangu na kidonda," alisema, "siendi kumtangaza sokoni. Siwezi, afande."

"Basi vyote kumi na tisa ni vyako."

"Andika ni vyangu."

Sajini akaandika. Ndipo Kristofa aliposimama.

"Kimoja si chake," alisema. "Kile chenye ngozi kwenye mpini. Na wala si changu. Ni cha Laurenti, mwenzangu, tuliyeondoka naye Muheza. Alikufa mtoni huko Bama, nikakitoa kiunoni mwake. Mama yake, Bi Praxeda, ni mgonjwa, hatafika Pasaka. Ameniomba nimletee kitu chochote alichokishika mwanawe. Sina kingine. Nilijaribu kumwambia huyu," na hapo akamtazama Mselem kwa mara ya kwanza, "hakunipa nafasi."

Mselem alitamani sakafu imfunike. Miaka mitano alikuwa amekipaka mafuta kisu hicho, anaujua uzito wake, na hakupata kuuliza hata siku moja kilikuwa cha nani.

"Silaha hairudi," Sajini Zebedayo alisema, bila ukali. "Hiyo ni amri, sikuitunga mimi."

"Naijua amri."

 Mselem alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Afande, ukanda ule wa ngozi si silaha."

Sajini aliutazama mpini. Aliutazama sana. Kisha akakisukuma kisu mezani kuelekea kwa Mselem, huku askari wa mlangoni akisogea karibu na rungu lake. "Utoe hapa, mbele ya macho yangu."

Mselem alikilaza kisu juu ya bendeji. Laurenti alikuwa ameusuka ukanda ule kwa ufundi wa mtu mwenye siku nyingi za kungoja, kijino juu ya kijino, na mwisho wake alikuwa ameufichia ndani.  Mselem aliufumua mzunguko mmoja, wa pili, polepole asije akaukata, kwa namna alivyofumua bendeji iliyogandana na kidonda, na Kristofa amemsimamia begani, anapumua kwa nguvu. Mwishowe ukanda ukatoka wote, mweusi kwa jasho na mafuta, wenye urefu wa pima nzima. Kristofa aliupokea kwa viganja viwili. Akaunusa. Akauviringa, akautia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Kwaheri, afande," alisema. Akatoka bila kumuaga Mselem.

Dresa walimweka hadi alasiri. Afisa wa Kizungu alikuja akamuuliza maswali yale yale kwa kubadilisha maneno, akitaka kujua kama ana jamaa Nairobi. Huku nyuma askari watatu walikwenda Mabawa kupekua. Waliinua mikeka, walichoma fito kwenye magunia ya mchele, walichungulia hata masufuria ya biriani, na Mwanamkasi akawafuata chumba kwa chumba akiwauliza kama mama zao wanajua kazi wanayofanya. Hawakupata kitu. Kwa kuwa siku kumi na nne hazijatimia, hapakuwa na kosa la kumshitaki. Walimwonya, wakaandika jina lake mahali, wakamwachia.

Alirudi na baiskeli tupu. Mlangoni alimkuta baba yake Uweso amekaa na wazee wawili, na moyo ulimdunda kuliko ulivyomdunda polisi. Aliwaamkia. Yule mzee alimwitikia, akamtengea nafasi kwenye mkeka.

"Nimesikia umeulizwa majina ya watu ukakataa," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na jina la mwanangu lilikuwamo?"

Mselem alishangaa, maana Uweso alikuwa mtoto wakati wa vita. Kisha akaelewa kwamba mzee alikuwa akimtania, ila sauti ya mzee haikuwa na kicheko; ndiyo njia yake ya kusema harusi ipo. Wali ulitolewa. Kesho yake Saleha aliolewa, na wanawake wa kisimani walikula kushinda wote.

Visu havikuonekana tena. Wapo waliosema vilitoswa baharini, wapo waliosema viko kutani kwa Mzungu fulani Ulaya. Mselem hakuuliza. Miezi ya mwanzo alikuwa anaamka asubuhi ya mwisho wa mwezi mkono wake ukitafuta chupa ya mafuta. Watu wa Keya walirudi kidogo kidogo zahanati na vichwa vyao. Seremala alikuja na kiti kipya, akakiweka, akaondoka bila kueleza.

Baada ya Pasaka alipanda gari moshi kwenda Muheza. Kristofa alikuwa juu ya ngazi akichuma machungwa. Alimwona, akaendelea kuchuma mpaka kikapu kikajaa, na Mselem alisimama juani akingoja. Beatrisi alimletea maji, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Bi Praxeda alikwisha kuzikwa, na ukanda ule walimzika nao, umezungushwa kiganjani.

Hatimaye Kristofa aliteremka.

"Nimekuja kuomba radhi," Mselem alisema. "Nilikudanganya."

"Uwongo si kitu, Dresa. Sote tulidanganya sana kule." Alifuta mikono kwenye suruali. "Ulinitazama mikono. Nilikuja kwako nakusemesha, wewe unanitazama mikono."



"Na hata leo," Kristofa aliendelea, "tangu umefika, umeitazama mara mbili."

Ilikuwa kweli. Mselem aliinua macho kwa nguvu, akamtazama mwenzake usoni, na ndipo alipoona jinsi alivyozeeka. Kristofa alichukua kijisu cha kazi kutoka kikapuni, akamenya chungwa taratibu, ganda likashuka kwa mzunguko mmoja. Akampa nusu. Walikula wamesimama. Walizungumza habari ya mvua, habari ya bei, kisha Kristofa akaanza kumweleza habari za Laurenti, tangu walivyokuwa wachunga mbuzi, na gari moshi la saa tisa la kurudi Tanga likapiga king'ora stesheni, likaondoka, na Mselem hakuinuka.